Nilivyokivalisha kiti cha zamani kitambaa kipya mwenyewe

Kama hujawahi kushika kazi hii, anza na kiti cha mezani ambacho kikalio chake kinatoka. Mimi ndicho nilichoanza nacho. Ukikipindua unaona skrubu nne chini, moja kila pembe. Ukishazifungua unabaki na ubao uliovalishwa sponji na kitambaa, unaubeba na kuufanyia kazi juu ya meza. Sofa lina mikono, springi na mishono chungu nzima. Liache mpaka mkono uzoee.

Nilidhani kazi kubwa ni kuvalisha. Kumbe kazi ni kuvua. Aliyekitengeneza kiti hiki hakuwa bahili wa pini za stepla, na aliyemfuata alitandika kitambaa kipya juu ya kile cha kwanza, akaongeza na pini zake. Nilichomeka ncha ya bisibisi bapa chini ya kila pini, nikaiinua kidogo, kisha nikaimalizia kwa plaizi. Pini hukatika na kuruka, kwa hiyo vaa miwani. Zile zilizokatikia ndani ya mbao nilizigonga kwa nyundo zikalala, basi. Kabla ya kutoa chochote nilikuwa napiga picha, hasa pale pembeni kitambaa kilipokunjwa, na picha hizo zilinifaa kuliko maelezo yoyote niliyosoma.

Sponji ya ndani ilikuwa imegeuka manjano na kubomoka kama unga. Ndivyo inavyozeeka, na vumbi lake si la kuvuta puani. Fanyia nje au ufunike pua na mdomo.

Fremu nayo ilikuwa ikicheza. Ukivalisha kiti kinachoyumba umepamba tu. Nilikwangua gundi ya zamani kwenye viungo, nikapaka gundi ya mbao, nikaizungushia miguu kamba, nikapitisha kijiti katikati ya kamba na kukizungusha mpaka viungo vikabana. Kikalala hivyo hadi asubuhi.

Nilichagua sponji ngumu ya sentimita 5. Ile laini inapendeza dukani ukiibonyeza kwa kidole, lakini ukiikalia unafika kwenye ubao. Kisu cha mkate chenye meno huikata vizuri, mradi ukisimamishe wima. Niliiacha ipite ukingo wa ubao kidogo sana, nikaibandika kwa gundi, juu yake nikatandaza pamba nyembamba ya poliesta ili kingo zisionekane kali na kitambaa kisisuguane na sponji.

Kitambaa cha zamani ni kielelezo kizuri cha umbo, si cha kipimo, kwa sababu sponji mpya imenenepa. Nilipima kutoka chini ya ubao upande mmoja, kupita juu, hadi chini upande wa pili, nikaongeza sentimita 5 kila upande ili mkono upate pa kuvutia.

Sasa kubana. Niliweka alama ya penseli katikati ya kila upande wa ubao, na kitambaa nikakikata kijipengo kidogo katikati ya kila upande. Kitambaa kililazwa kifudifudi, sponji juu yake, ubao juu kabisa. Pini ya kwanza katikati mbele, ya pili katikati nyuma huku nikivuta, kisha kushoto na kulia. Hizo za mwanzo nilizipiga stepla ikiwa imeinama, mguu mmoja wa pini ukabaki juu, rahisi kung'oa. Nikapindua kuangalia kama mistari imenyooka. Kisha nikaendelea kutoka katikati kuelekea pembeni, nikibadilisha pande, nikaacha pembe kwa mwisho. Vuta kitambaa kinyooke, usikinyonge; ukizidisha, kila pini inachora kishimo pembeni mwa kiti.

Pembe ndiyo inayomtambulisha fundi. Nilivuta ncha ya kitambaa kuelekea katikati ya ubao, nikaibana, nikapunguza kilichozidi ndani, kisha nikakunja pande mbili zilizobaki. Pembe za mbele mkunjo nilielekeza ubavuni ili mtu anayekitazama kiti asiuone. Hapo nilifungua na kufunga zaidi ya mara moja, na sioni aibu.

Kama kikalio kinazama ndani ya fremu, jaribu kipande cha kitambaa kwenye ule mwanya kabla ya kununua, kwani kitambaa kinene hukizuia kisiingie. Chini nilifunika kwa kitambaa cheusi chepesi, nikatafuta matundu ya skrubu kwa ncha ya msumari, nikazianza skrubu zote kwanza ndipo nikazikaza.

Baada ya kukaliwa kwa muda sponji ilitulia, na kitambaa kikalegea kidogo kwa mbele. Nilifungua pini za nyuma peke yake, nikavuta, nikabana tena bila hata kugusa pembe.