Nilivyofanya kazi na jopo la washauri katika mradi wetu wa floraidi

Watafiti vijana wanaoniuliza kuhusu ubia wa kimataifa huanza na suala la fedha. Mimi huwaambia waanze na washauri. Ni miaka kadhaa sasa naratibu mradi unaounganisha maabara yetu ya Arusha na maabara mbili za Ulaya, na uwanja wetu ni kemia ya nyuso: jinsi floraidi iliyomo kwenye maji inavyonaswa juu ya uso wa mkaa wa mifupa, yaani mifupa iliyochomwa ili kuchuja maji. Mkazi wa Maji ya Chai au Ngarenanyuki, huku Arusha, hahitaji kuelezwa kwa nini tunahangaika na jambo hili. Ameona meno ya kahawia, na ameona watoto waliopinda miguu kwa sababu ya floraidi iliyozidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Sisi Watanzania kwa miaka mingi tuliruhusu maji ya vijijini yafike hadi 8, baadaye 4, kwa kuwa chemchemi nyingi chini ya Mlima Meru zinabeba floraidi ya miamba ya volkano na mbadala wake haukupatikana.

Mfadhili alidai tuwe na jopo la washauri. Kwa mazoea, jopo la namna hiyo ni orodha ya watu wenye vyeo wanaokutana mara moja kwa mwaka, wanaoneshwa picha, wanapongeza, wanaondoka. Nilikataa kuliunda hivyo. Kabla sijamwandikia mtu yeyote barua ya mwaliko, niliandika maamuzi tuliyokuwa tunakwenda kuyafanya, kisha nikatafuta mtu anayeweza kutuzuia tusikosee kwenye kila uamuzi. Ndivyo tulivyowapata profesa wa Ujerumani anayechunguza nyuso kwa miale ya eksirei, mtaalamu wa Uholanzi wa mwangwi sumaku wa viini (NMR, kipimo kinachotambua atomu zimeungana na nini), mhandisi wa maji, mkemia wetu mstaafu ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ameimaliza kwenye mkaa wa mifupa, na mama mmoja mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji. Kuhusu huyo wa mwisho palikuwa na maneno. Nilishikilia awe mjumbe kamili, apate karatasi zote kwa Kiswahili, na posho yake iwe sawa na ya maprofesa.

Mkemia mstaafu ndiye aliyelipa faida ya jopo zima kabla hata ya jaribio la kwanza. Andiko letu lilisema maabara zote tatu zitayeyusha floraidi ya sodiamu kwenye maji yaliyokenekwa. Alisoma, akauliza, "Haya maji yenu yanatoka chemchemi ipi?" Akatufafanulia jambo ambalo wenzetu wa Ulaya hawakuwa na sababu ya kulijua: maji ya huku yana baikabonati nyingi, kalisi kidogo, na pH yake, yaani kipimo cha asidi na besi, iko juu. Uso wa mkaa ukiwa kwenye maji ya namna hiyo huelekea kubeba chaji hasi, nayo floraidi ni hasi pia, kwa hiyo vinasukumana. Isitoshe, baikabonati nayo inagombea nafasi zilezile. Mkaa unaong'ara kwenye maji safi ya maabara unaweza kushindwa kijijini. Tukabadili mpango. Kusafirisha maji yenyewe hakukufaa, kwa sababu hewa ya kaboni ikitoroka njiani pH inapanda, na yanayofika Ulaya si maji yaliyoondoka Arusha. Badala yake tuliandika kanuni moja ya kutengeneza maji yanayofanana na ya chemchemi yetu, na kila maabara ikaifuata.

Ushauri wa pili ulihusu namba. Ripoti nyingi za uwanja huu hutaja uwezo wa juu kabisa wa mkaa kunasa floraidi, unaopatikana kwa mlinganyo wa Langmuir, mkemia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932 kwa kazi yake ya kemia ya nyuso. Mlinganyo ni mzuri. Lakini uwezo huo ni wa uso uliojaa kabisa, kwenye maji yenye floraidi nyingi mno. Mhandisi wetu alitutaka tuandike uwezo wa mkaa pale ambapo maji yaliyobaki yana miligramu 1.5 tu kwa lita, maana hapo ndipo mtu anakunywa. Namba ilishuka sana. Wanafunzi walinyong'onyea, na nilielewa, lakini sikukubali irudishwe ile kubwa kwenye taarifa yoyote. Namba ndogo ndiyo inayokuambia lini ubadilishe mkaa kwenye chujio la mama wa watu.

Mvutano mkubwa ulikuja kati ya washauri wenyewe. Floraidi ikishanaswa inakaa vipi? Mmoja aliamini inabadilishana nafasi na haidroksili (oksijeni na haidrojeni zilizoungana) iliyomo kwenye apataiti, madini yanayojenga mfupa. Mwingine aliamini inaungana na kalisi na kuganda kama floraidi ya kalisi. Msomaji anaweza kuona huu ni ubishi wa wasomi, lakini una uzito kijijini. Floraidi ya kalisi huyeyuka kiasi cha kuacha karibu miligramu 8 za floraidi kwenye lita ya maji safi. Kama ndiyo inayotawala, kufika 1.5 ni kazi nyingine kabisa. Profesa wa eksirei alikuwa tayari kupima, ila yeye mwenyewe alikiri kwamba kwa kipimo chake vitu hivyo viwili vinatoa alama zilizokaribiana mno, na kinaona nanomita chache tu za juu.

Sikuitisha kura. Nilimwomba kila mmoja aandike ukurasa mmoja: anaamini nini, na ni jaribio gani likitoka tofauti atabadili mawazo. Barua hizo mbili zilikutana mahali pamoja, kwenye mwangwi sumaku wa floraini. Humo floraidi ya kalisi huonekana karibu na -108 ppm kwenye mizani ya kipimo hicho, na floraapataiti, yaani apataiti iliyoshika floraidi, karibu na -103, hazichanganyiki. Sampuli zilipopimwa, za maji yanayofanana na chemchemi zetu zilionesha zaidi floraapataiti. Zile zilizolowekwa kwenye floraidi kali ya maabara zilionesha floraidi ya kalisi. Kila mmoja alikuwa akiongea kutokana na maji aliyozoea kuyatumia. Tangu siku hiyo kila hoja inayoletwa kwenye jopo letu lazima iambatane na ukurasa wa namna ile, na ningemshauri mratibu yeyote afanye hivyo.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa amesikiliza mengi kwa utulivu. Zamu yake ilipofika alisema, "Wanangu, mimi nitaulizwa mambo mawili. Mifupa ni ya mnyama gani, na kwa nini maji ya juzi yalinuka?" Yote mawili ni kemia. Mifupa isiyochomwa vya kutosha inabaki na mafuta na protini, maji yanapata harufu na rangi. Ikichomwa kwa moto mkali kupita kiasi vitundu vinajifunga na uso unapungua. Kuanzia hapo tanuri lina daftari la joto, na kila gunia la mifupa lina karatasi ya machinjio ya ng'ombe lilikotoka. Yeye ndiye anayelikagua daftari hilo. Profesa wa Ujerumani ameomba nakala, kwa sababu limemweleza tofauti za sampuli alizokuwa akihangaika nazo.

Mengine ni karatasi, na yafanywe mapema: kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania) kwa watafiti wa nje, makubaliano ya kusafirisha sampuli, na majina ya waandishi wa makala kukubaliwa kabla ya matokeo.

Swali lililo mbele ya jopo sasa ni mkaa uliochoka. Magadi makali ya sodiamu (sodiamu haidroksaidi) yanaweza kuufufua, lakini yanaacha maji machafu yenye floraidi nyingi kuliko chemchemi yenyewe, na hakuna kijiji nitakachokiomba kiyamwage shambani. Kurasa za washauri wawili zimeshafika. Nasubiri ya mhandisi.