Nukta ya Bukoba

Mwaka 2013 nilikuwa Moshi kwenye TP ya ualimu, yaani mazoezi ya kufundisha, nikapewa kidato cha tatu, vipindi vya ziada vya Jumamosi, na Jumamosi moja nikaamua kuwafundisha skata ploti, ile grafu ya nukta nukta ambayo huziungi, unaziacha zimetawanyika halafu unaangalia zinaelekea wapi. Mada hii niliipenda tangu nasoma, mana ndo sehemu ya hesabu ambayo macho yanafanya kazi kabla ya kalkuleta.

Namba za kutunga sikutaka. Nikachukua miji yetu wenyewe, mwinuko kutoka usawa wa bahari na wastani wa joto la mwaka, nikaandika ubaoni: Dar, Tanga, Moshi, Dodoma, Bukoba, Mwanza, Arusha, Iringa, Mbeya. Mwinuko mhimili wa chini, joto mhimili wa wima. Karatasi za grafu hazikutosha ikabidi wakae wawili wawili, mmoja anasoma namba mwenzie anatia alama kwa penseli.

Baada ya robo saa hivi ikaanza kuonekana. Dar na Tanga juu kushoto kwenye nyuzi 26 hivi, halafu nukta zinateremka, zinateremka, mpaka Mbeya kule kulia chini, mita kama 1,700. Kijana mmoja akasema mwalimu hii ni kama mtu anashuka mlima. Nikamwambia hebu soma tena mhimili wa chini, ukienda kulia unapanda, kinachoshuka ni joto. Akanyamaza, akaweka kidole kwenye Dar akakisogeza pole pole hadi Mbeya, akasema "Aaah! Kumbe kila mita elfu zinaondoka nyuzi tano hivi." Nje mlima Kilimanjaro ulikuwa umefunguka, theluji yote inaonekana, mita 5,895, na hakuna aliyeuliza kwa nini theluji iko kule na sio hapa darasani.

Sasa nyuma kulikuwa na binti mmoja mtulivu sana, wiki zote zile sikuwahi kumsikia akijibu swali. Napita namkuta ameshika raba anafuta.

"Unafuta nini?"

"Bukoba mwalimu. Nimekosea, haikai na wenzake."

Nikainama nikaangalia. Hajakosea. Dodoma na Bukoba mwinuko wake ni karibu sawa, mita 1,100 na kitu, kwa hiyo ungetegemea nukta zake zikae pamoja, lakini Bukoba imekaa chini ya Dodoma kwa karibu nyuzi mbili. Nikamwambia usifute, irudishe. Nikauliza darasa zima nani anapajua Bukoba, kimya, halafu yeye mwenyewe akasema kwa sauti ya chini, "Mimi kwetu ni Bukoba."

"Ehe, tuambie, kukoje?"

"Kwetu mvua mwalimu. Mawingu. Nguo zinakaa kambani siku mbili hazijakauka."

Moyo wangu ulijaa, nasema kweli. Nikawaandikia mvua pembeni, Dodoma kwa mwaka haifiki milimita 600, Bukoba kama 2,000, mawingu na mvua ndo vinaishusha nukta yake. Papo hapo mwingine akadakia, mbona Mwanza nayo iko Ziwa Victoria kama Bukoba na joto lake ni kama la Dodoma? Swali zuri mno, nikachora ziwa ubaoni, upepo unatoka mashariki unavuka maji yote yale unabeba unyevu, unakuja kuumwaga upande wa magharibi, na Bukoba ndo ipo huko. Mwanza iko kusini, haupati mzigo wote ule. Basi wakaanza kubishana wenyewe, huyu anataka tuongeze Musoma, yule anataka Kigoma, kengele ikagonga na hakuna aliyefunga daftari.

Yule binti alikuwa bado ameinama. Aliirudisha nukta, akaikoleza penseli mpaka ikawa nyeusi kuliko zote, na pembeni yake akaandika kwa herufi ndogo: mvua.