Siku moja maishani mwangu: mbuni wa mabango, Mtwara

Saa 12 asubuhi. Chikongola umeme upo, kwa hiyo nafungua laptopu kabla ya chai. Ni Oktoba, msimu wa korosho, na kazi zimejaa.

Saa 2. Nafungua ofisi, chumba kimoja jirani na soko kuu: kompyuta mbili, printa, na kiti cha plastiki ubavuni mwa meza yangu. Hicho ni kiti cha mteja.

Saa 3. Anaingia mzee wa chama cha msingi. Shikamoo, marahaba mwanangu, anakaa. Anataka bango la kuwakumbusha wakulima waanike korosho vizuri kabla ya kupeleka ghalani. Usiku nilimchorea bibo moja kubwa, lile tunda la mkorosho, na korosho yake, maneno matatu, kwingine kote kweupe. Mzee anagusa kioo kwa kidole. "Hapa pote pako wazi, mwanangu. Si nimelipia bango zima?"

Weupe ule nimejifunza kwa Waswisi. Mabango ya Josef Müller-Brockmann wa Zurich, ya miaka ya 1950, nayapenda mno: herufi zisizo na vikia, kila kitu kwenye mistari yake, karatasi inapumua. Helvetica nayo ilizaliwa Uswisi, 1957. Nchi ile ina lugha nne za taifa, na tangazo moja mara nyingi hubeba tatu; safu zilizopimwa huzipa zote nafasi sawa.

Mzee wangu amelelewa na kanga. Pindo pande zote nne, katikati mchoro mkuu uitwao mji, chini yake msemo uitwao jina. Nguo imejaa, na jina linasomeka. Huo nao ni mpangilio, tena wenye sheria kali. Basi nazungushia pindo la majani ya mkorosho, bibo nalipeleka mjini, maneno nayaweka mahali pa jina.

"Sasa hiyo korosho mbona iko juu ya bibo?" Kweli, niligeuza mchoro ili ukae vizuri na maneno. Kwenye mti korosho huning'inia chini ya bibo, na mkulima angeona kosa hilo kabla ya kusoma chochote. Narekebisha yeye akitazama.

Saa 7. Ming'oko ya kuchemsha, viazi vya porini vya huku kwetu, kisha kadi mbili za harusi.

Saa 9. Naongea kwa video na mbuni mwenzangu wa Zurich. Kwake mteja huandika mahitaji yake, mkataba hutaja idadi ya marekebisho, na kazi huonekana siku ya kuwasilishwa. Nautamani mkataba ule, maana saa za kwenye kiti hakuna anayenilipa. Ila kiti sikitoi. Bila kiti, bibo lingechapwa kichwa chini.

Saa 11. Kwa mchapaji nadai kipande cha majaribio kwanza. Kioo huchanganya mwanga, mashine huchanganya wino, kwa hiyo rangi haitoki ileile. Mwaka juzi bluu yangu ilitoka zambarau kwenye mabango sita na nikayalipia mwenyewe. Leo nyekundu ya bibo imepoa kidogo, tunaiongezea njano.

Saa 12 jioni. Tunalitundika bango ukutani likauke. Ng'ambo ya barabara mama muuza ming'oko anainua kichwa, anasoma kwa sauti: "Anika hadi ikauke."