Siku Moja Kwenye Sufuria ya Urojo, Mkunazini

Watu wengi wanaopita Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Unguja, wakaniona nikimimina rojo la manjano juu ya bajia na viazi, huondoka na dhana kwamba kazi yangu ni kuchanganya vilivyobaki jikoni. Ninaieleza siku yangu ya Alhamisi iliyopita ili ijulikane kwamba katika urojo, yaani bakuli la rojo hilo pamoja na bajia, viazi na vinginevyo, kila kitu hupikwa mbali na mwenzake, kwa moto wake na kwa muda wake, na vyote hukutanishwa ndani ya bakuli pale tu mlaji anapokuwa amekwisha kukaa.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Darajani, kwenye soko lililojengwa mwaka 1904, nikichagua embe mbichi. Embe ya urojo sharti iwe ngumu na chachu hasa, kwa sababu iliyoanza kuiva huingiza utamu, na rojo tamu mimi silihesabu kuwa rojo. Nilinunua pia muhogo, nazi, ndimu na nyama ya mishkaki, nikarudi kwa miguu.

Tangu saa mbili hadi saa tano viazi na mayai vilichemshwa, nyama ikarowekwa kwa tangawizi, thomu na ndimu, muhogo ukaparuzwa na kukaangwa hadi ukakauka, kachori zikafinyangwa, na nazi ikakunwa kwa ajili ya chatne.

Saa tano ndipo nilipoanza rojo lenyewe. Embe huchemshwa pamoja na bizari ya manjano mpaka ziive kabisa, kisha hupondwa. Unga wa ngano hukorogwa pembeni kwa maji baridi, huchujwa, halafu humiminwa sufuriani kidogo kidogo huku mwiko ukizunguka bila kusimama, kwa kuwa ukisimama tu unga hushika chini na madonge hutokea. Baada ya hapo moto hupunguzwa, nami huendelea kukoroga hadi harufu ya unga mbichi iishe, jambo ambalo wapishi wenye haraka hulikwepa na mlaji hulitambua kwa funda la kwanza. Embe zinapokosekana sokoni hutumia ndimu, lakini hiyo huitia sufuria ikiwa imekwisha kuteremshwa, maana ndimu ikichemka sana huleta uchungu. Mkono wangu wa kulia huuma kila siku kufikia adhuhuri, na sijapata njia ya kuupumzisha isiyoliharibu rojo.

Saa saba nilikula wali na mchuzi wa samaki, nikiwa nimesimama. Mlo wa mkahawani ninaoukumbuka kuliko yote ni biriani ya kuku niliyokula Mji wa Kale, Mombasa. Kwetu sisi watu wa pwani wali wa biriani hupikwa peke yake na masala yake peke yake, na mpishi yule alisubiri hadi nilipokwisha kunawa mikono ndipo akapakua wali na kuweka masala mazito juu yake, yenye kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa hudhurungi. Wali ulikuwa bado umechambuka, punje kwa punje. Tangu siku ile najua kwamba subira ya mpakuaji ni sehemu ya upishi.

Saa tisa kamili alipaswa kufika mteja aliyekuwa amepiga simu asubuhi kuagiza bakuli kumi na nne kwa ajili ya wenzake kazini. Alifika saa kumi na robo, wakati foleni ya alasiri imekwisha kujipanga, akakasirika kukuta vyakula havijachanganywa.

“Mama, nilisema kila kitu kiwe tayari.”

“Mwanangu, kiko tayari. Bajia ni hizi, rojo ni hili. Nikimimina sasa, utawafikishia wenzako uji.”

Hakukubali. Alisema kwamba mahali pengine huchanganyiwa na kuondoka, na kwamba mimi ninajitafutia njia ya kupunguza kazi. Nilimweleza kwamba bajia ya dengu ikitoka karaini ina ganda kavu ambalo hudumu dakika chache tu ndani ya rojo, kwamba muhogo uliokaangwa hulainika mapema zaidi, na kwamba bajia huendelea kunywa rojo mpaka bakuli zima linakuwa donge moja. Wakati huohuo simu yake ilikuwa ikilia: mmoja hataki mishkaki, wawili hawataki pilipili, yule wa mishkaki amebadili nia. Watu wa foleni walianza kunung'unika, na walikuwa na haki. Mwishowe nilichanganya bakuli moja, nikaliweka mbele yake, nikaendelea kuwahudumia wengine kwa muda wa robo saa, kisha nikamchanganyia la pili na kumwomba aonje yote mawili. Alionja, akanyamaza, akakubali kubeba rojo ndani ya chombo chake na vikavu ndani ya vyombo vyao. Ndipo akataka nimpunguzie bei, kwa hoja kwamba kazi ya kuchanganya wataifanya wenyewe. Bei haikupungua hata shilingi, kwa sababu kazi ninayolipwa ilikuwa imekwisha kufanyika tangu alfajiri.

Kuanzia hapo sikuitazama saa tena. Foleni ilikuwa imerefuka, mkaa wa mishkaki ulihitaji kupepewa, rojo lilizidi kuwa zito na kila mara lilidai maji ya moto kidogo na kuonjwa upya, chumvi na uchachu. Bakuli la mwisho lilitoka baada ya swala ya Isha, miguu ikiwa imevimba.

Baada ya kuosha masufuria nilikwenda kwenye hoteli ndogo ninayoipenda, kula pweza wa nazi kwa mkate wa kumimina. Pweza hutakiwa achemke kwanza hadi alainike, na tui zito litiwe mwishoni. Mchuzi wa usiku ule ulikuwa mzuri, lakini pweza alikuwa amekaza kidogo. Nilimwambia mpishi, kama ninavyopenda kuambiwa mimi, naye akakubali kwamba alimtia tui mapema kwa kuwa wateja walikuwa wakimharakisha.