Matone Yalipopungua

Mwaka wangu wa mwisho chuoni, hapa Dodoma, mwalimu alinikabidhi nusu lita ya insulini iliyochanganyika na chumvi. Ilikuwa ya mazoezi tu, haikuwa ya wagonjwa. Kazi yangu: kuitoa chumvi, insulini ibaki. Utando wa chujio ulikuwa wa daltoni 1,000; daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli. Insulini ina daltoni kama 5,800, haipiti; chumvi inapita.

Umeme ulikuwa umekatika asubuhi, nikahofia utakatika tena. Matone yaliyokuwa yakidondoka kwenye bika niliyaona machache. Nikakaza vali ya bomba la kurudishia maji yasiyopita kwenye utando, geji ya presha ikapanda. Matone yakaongezeka kidogo, kisha yakapungua. Nikakaza tena. Yakazidi kupungua.

"Legeza hiyo vali, mwanangu," mwalimu akasema. "Ongeza pampu."

Insulini ilikuwa imerundikana juu ya utando, tabaka zito lenye utelezi, na kila nilipokaza nilizidi kulishindilia. Kumbe kwenye uchujaji huu maji hayasukumwi kuukabili utando uso kwa uso. Yanapita ubavuni mwake kwa kasi, yanaufagia.

Nilielewa mara moja kwa sababu ya bibi yangu wa Hombolo. Akichuja maji ya zabibu, maganda yakiziba kitambaa, haminyi. Anakitikisa, anaendelea.

Tukasuuza mtambo, tukaanza upya. Kila kilichodondoka tulikifidia kwa bafa safi, yaani maji yenye dawa ya kutuliza kiwango cha asidi, ujazo ule ule. Bafa ikishapita mara 5 ya ujazo ulioanza nao, chumvi hubaki chini ya asilimia 1. Ilituchukua hadi jioni. Insulini nyingine ilikuwa imenata kwenye utando, hatukuipata tena, na hiyo iliniuma hasa, maana bibi anaishi kwa insulini.

Jumamosi nilikwenda Hombolo. Hana friji, kichupa chake hukaa ndani ya mfuko wa nailoni, kwenye chungu chenye maji. Akakitoa, akakifuta kwa ncha ya kanga. Nikakiomba, nikakiinua kwenye mwanga. Insulini haivumilii kuchemshwa, kwa hiyo kabla ya kutiwa kichupani hupitishwa kwenye chujio la matundu ya mikromita 0.22, bakteria wabaki nyuma. Ilikuwa angavu, haina hata chembe. Nikakigeuza, nikakitazama tena.

"Lete, mjukuu wangu," bibi akasema, mkono ameunyoosha. "Uji unapoa."