Siku moja maishani mwangu: tezini, nyuma ya mashua, katika baridi ya Cambridge

Saa 11 alfajiri

Kabla sijaweka mguu chini natazama simu kujua rangi ya bendera. Mto Cam, tunakopigia makasia, una bendera yake. Ikiwa nyekundu, hakuna timu ya chuo inayoingia majini, iwe kwa barafu, ukungu au maji yenye nguvu. Nakiri kuna asubuhi namwomba Mungu iwe nyekundu. Leo ni kijani, na nje ni nyuzi 1.

Navaa: fulana mbili za sufu, sweta, suruali tatu, koti, jaketi la kuokolea maisha juu yake, na chupa ya mpira yenye maji moto tumboni. Wenzangu wanane watakuja na nguo nyepesi za kubana, maana baada ya dakika kumi watatoka jasho. Mimi nitakaa tu. Watu wa nyumbani Mombasa wakiniuliza ninafanya nini humo mashuani, jibu la kweli ni hilo: nakaa, nashika usukani, nasema. Huku wanatuita koksi.

Saa 12 kasoro dakika 5

Nasali Alfajiri ghorofani kwenye banda la mashua, kwenye mkeka wa mazoezi. Chini nasikia milango ikifunguliwa na watu wasiosalimiana. Januari na Februari hakuna anayependa mwenzake kabla ya jua kuchomoza, na jua lenyewe linachomoza karibu saa 2.

Saa 12 na nusu

Mashua yetu ina urefu wa mita 17 na kitu, na usukani wake ni kipande kidogo kama kiganja changu. Haina breki. Ukitaka kuisimamisha, wanane wazamishe makasia na kuyakaza, na hata hivyo itateleza kwanza. Taa moja omoni, kule mbele, nyingine tezini, mimi nimejibana tezini nikitazama mbele, na uso wa mpiga makasia namba nane uko karibu na wangu kiasi kwamba najua amekula nini. Yeye ndiye anayeweka mdundo. Wengine saba siwaoni vizuri, nawasoma kwa makasia yao na kwa mtikisiko unaonifikia mgongoni.

Baridi ya koksi ni ya aina yake. Inaanza miguuni, inapanda, halafu inafika mdomoni, na hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu midomo ikifa ganzi "p" na "b" hazitoki. Glavu nene huwezi kuvaa, lazima uisikie kamba ya usukani. Nimejifunza kutafuna bigijii mpaka tunapoondoka gatini, niiteme, halafu nizungumze muda wote hata kama ni upuuzi. Upuuzi huo, hata hivyo, una habari yake, nitaifikia.

Tunashuka na mto kama kilomita nne, tukipita boti ndefu ambazo watu wanaishi ndani yake. Moshi wa kuni unatoka kwenye mabomba, na mimi nawaonea kijicho wote waliolala humo. Halafu kona ya Ditton, halafu ya Grassy.

Kona ya Grassy na mimi hatupatani. Novemba niliichelewa, omo ukapanda kwenye majani ya ukingo, makasia mawili yakanasa, na timu mbili nyuma yetu zikabaki zinasubiri. Hakuna aliyenitukana. Walinyamaza, na kunyamaza kule kulinitesa wiki nzima. Wiki ile nilikaribia kuacha.

Shida ya koksi wakati wa baridi ni kwamba hakuna kinachokuonyesha unaendelea mbele. Mpiga makasia ana mashine inayomwambia muda wake wa kila mita 500. Desemba alikuwa 2:10, sasa ni 2:06, amejua usingizi wake haukupotea bure. Mimi je? Mashua ikienda vizuri, wao wana nguvu. Ikiparamia majani, ni mimi. Ari haiwezi kukaa mahali pasipo na hesabu, kwa hiyo nilijitafutia yangu. Ya kwanza ni Grassy: nahesabu mara ngapi nimeugusa usukani toka kona inapoanza mpaka inapokwisha. Desemba ilikuwa tisa, kumi. Kila mguso unaipunguzia mashua mwendo, na nikigusa kwa papara inalala upande mmoja na mikono ya watu inaumia.

Leo nimegusa mara nne. Ya nne ilikuwa ya woga.

Saa 2 asubuhi

Mashua mabegani, maji ya mpira, kitambaa. Namba mbili ananipa kikombe cha chai ya tangawizi kutoka thamosi yake bila kusema neno. Vidole vinaanza kuuma vinapopata moto, na namshukuru kwa kuinamisha kichwa.

Saa 3 hadi saa 11 jioni

Maabara, hotuba, maktaba. Nimelala kwenye hotuba moja, sitasema ipi.

Saa 7 mchana nampigia mama, kwao ni saa 10. Anauliza kama nimekula, kisha analirudia lile lake: "Mwanangu, kwani hicho chombo hakiendi bila wewe?" Namwambia kinakwenda, mama, ila hakipindi. Anacheka. Anataka kujua mbio ni lini, namwambia mwishoni mwa mwezi, namweleza tena: mto ni mwembamba, mashua haziwezi kwenda sambamba, kwa hiyo tunapangwa msururu, kila moja nyuma ya mwenzake kwa nafasi ya mashua moja na nusu, mzinga unalia, wewe unamfukuza wa mbele na wa nyuma anakufukuza wewe. Ukimgusa, kesho yake mnabadilishana nafasi. Aliyeguswa, koksi wake anainua mkono. "Basi wewe usiinue," anasema mama, mambo yamekwisha.

Saa 12 jioni

Giza limeingia zamani. Jioni ni zamu ya mashine za makasia: dakika 20 mara tatu, mapigo 18 kwa dakika, si zaidi. Koksi halazimiki kuja, na wengi hawaji. Mimi mwanzoni nilikuja kwa haya ya ile Novemba, nikasimama mlangoni kama askari wa zamu. Sasa nina daftari, na kila mtu ana ukurasa wake. Namba tatu: usimtaje jina mbele za watu. Namba saba: mpe tarakimu tu, maneno yanamuudhi. Namba mbili: mchekeshe. Namba tano: bega la kulia linapanda akichoka, na huwa anachoka dakika ya kumi na moja, haijalishi amelala vipi.

Leo dakika ya kumi nikaenda nikachuchumaa kando yake, nikasema "bega" kwa sauti ya chini. Likashuka. Ikafika ya kumi na moja, ikapita, na tarakimu kwenye kioo chake hazikucheza. Hakunitazama. Mimi nilirudi ukutani nikiwa na furaha ya kijinga, kama niliyeokota noti mtaani.

Saa 3 usiku

Wali, maharage, na zile habari za upuuzi. Kila asubuhi narekodi sauti yangu, usiku naisikiliza huku nakula. Mara ya kwanza nilitaka kuzima. Kiingereza changu hakikuwa na neno ila moja, vizuri, vizuri, vizuri. Nilihesabu 41 katika robo saa, nyingine nikiisema wakati mashua inayumba waziwazi. Nani atamwamini mtu huyo siku ya mzinga? Tangu hapo hesabu yangu ya pili ni kimya: sekunde ngapi naweza kunyamaza nikawaachia mashua waisikie wenyewe, bila midomo yangu kuganda. Nilianza na sita.

Leo, baada ya Grassy, sauti yangu inakatika. Kinabaki kishindo cha vishwara, vile vinavyoshika makasia, vinane kwa pamoja, halafu maji yanapita chini ya kiti changu, halafu kishindo. Natazama kaunta ya rekodi: sekunde 23. Naandika.

Bendera ya kesho wanasema huenda ikawa njano, mvua imenyesha juu ya mto. Natega kengele, saa 11, na kuijaza chupa yangu maji ya moto niende nayo kitandani.