Soma diski kwanza: kazi ya flashi moja kwenye kompyuta isiyowaka

Kompyuta ikigoma kuwaka, mafundi wengi hukimbilia mambo mawili: kuendesha chkdsk /r (amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski) au kupiga Windows upya. Yote mawili huandika kwenye diski. Kama chanzo cha mgomo ni diski yenyewe inayokufa, basi picha za harusi, mahesabu ya duka na tasnifu ya miaka mitatu vinaangamia mikononi mwa mtu aliyeitwa kuviokoa. Mpangilio salama ni huu: soma kwanza, nakili pili, tengeneza mwisho. Programu za kufanyia kazi hiyo ni za bure na zote zinaingia kwenye flashi moja.

Lakini kabla ya kuchomeka flashi, jua mashine imekwama wapi, maana mwenye kompyuta akisema "haiwaki" anaweza kumaanisha mambo mengi tofauti. Kama skrini ni nyeusi tangu mwanzo na hata nembo ya kampuni haitokei, programu haitakusaidia. Chomoa chaja, tenganisha betri, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha toa RAM (kumbukumbu ya muda) zote, safisha meno yake kwa kifutio cha penseli na urudishe kipande kimoja tu. Hesabu milio na mwanga wa taa. Kwenye Dell Latitude nyingi, taa ikipepesa mara 2 kwa rangi ya chungwa na mara 3 kwa nyeupe, mashine haioni RAM. HP hutumia taa ya Caps Lock kutoa ujumbe wa namna hiyo.

Nembo ikitokea, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine (F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad) na utafute jina la diski. Lisipoonekana, fungua mashine, chomoa diski uichomeke upya, na kama ni ya SATA (aina inayoungwa kwa waya au utepe) angalia utepe wake. Likionekana, sasa flashi ina kazi.

Flashi yenyewe iwe ya GB 32 au 64, na iwe ya kweli. Flashi feki iliyoandikwa GB 64 huku chipu yake ni ya GB 8 hupokea mafaili yote bila kulalamika, ila kinachozidi nafasi halisi hupotea au huandikwa juu ya kilichotangulia. Ndiyo maana unakuta usanikishaji wa Windows unakatikia njiani kwa kosa lisiloeleweka, fundi analaumu diski, kumbe tatizo lipo mkononi mwake. Ipime kwa H2testw ukiwa kwenye Windows, au programu iitwayo F3 kwenye Linux: inaijaza flashi yote kisha inasoma ilichoandika. Inachukua muda mrefu, na inafaa kila dakika.

Ikishapita, weka Ventoy. Inaigawa flashi sehemu mbili: moja kubwa ya exFAT, na nyingine ya MB 32 iitwayo VTOYEFI. Kuanzia hapo unakopi mafaili ya ISO (kila moja ni diski kamili ya kuwashia mashine ndani ya faili) kama unavyokopi nyimbo, na ukibuti, yaani ukiwasha mashine kupitia flashi, unapata menyu ya kuchagua. Weka SystemRescue (Linux ya uokoaji), Memtest86+ (kipimo cha RAM), Clonezilla (ya kunakili diski) na ISO ya Windows. Hiren's (mkusanyiko wa zana za mafundi) ukiitaka, chukua toleo la PE, yaani lile la Windows ndogo inayobuti kwenye flashi. Lile la zamani, 15.2 la mwaka 2012, lilijaa programu za kulipiwa zilizowekwa bila ruhusa, na lilitengenezwa kwa ajili ya mashine za enzi nyingine.

Mara ya kwanza kubuti Ventoy kwenye mashine yenye Secure Boot (kinga inayozuia kubuti programu isiyotambulika) utapata skrini ya bluu inayolalamikia ufunguo. Usikimbilie kuzima Secure Boot. Chagua "Enroll key from disk", ingia VTOYEFI, chagua faili la ENROLL_THIS_KEY_IN_MOKMANAGER.cer, kubali, kisha washa upya. Unafanya hivyo mara moja tu kwa kila mashine. Ukizima Secure Boot kwenye mashine yenye BitLocker (kufuli la Windows linalosimba diski), Windows inaona mazingira yamebadilika na inaanza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na sasa una matatizo mawili badala ya moja.

Sasa buti SystemRescue. Andika lsblk uone majina ya diski, kisha usome SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe:

smartctl -a /dev/sda

Hapa ndipo pa kutuliza macho. Juu kabisa utakuta neno PASSED, na neno hilo limewaponza wengi. Diski inaweza kuwa na mamia ya sekta zisizosomeka na bado ikatangaza PASSED, kwa sababu kwenye diski nyingi kipengele kinachohesabu sekta hizo hakina kiwango cha kufeli. Shuka hadi kwenye jedwali uangalie safu ya mwisho kulia, RAW_VALUE, kwenye mistari minne. Namba 5, Reallocated_Sector_Ct, ni sekta zilizokwisha kufa na kubadilishwa kwa za akiba. Namba 197, Current_Pending_Sector, ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na inasubiri kuamua hatima yake. Hii ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa ndani yake mna data ya mtu. Usishangae ikija kwa mafungu ya 8: sekta moja halisi ya baiti 4096 huhesabiwa kama sekta 8 za baiti 512. Namba 198 ni ndugu yake. Namba 199, UDMA_CRC_Error_Count, inasema kitu kingine kabisa: waya au utepe unavuruga mawasiliano. Hesabu hiyo haishuki kamwe, hivyo iandike pembeni, badilisha waya, tumia mashine kidogo, kisha angalia kama imepanda. Isipopanda, diski haina kosa.

Kwa NVMe (SSD inayochomekwa moja kwa moja kwenye madabodi) amri ni smartctl -a /dev/nvme0, na unachotafuta ni Critical Warning isiyo sifuri, Available Spare iliyoshuka, na Media and Data Integrity Errors.

Ukikuta 197 si sifuri, acha kila kitu kingine. Hapa chkdsk /r ni sumu: inapitia diski nzima, inairudia sekta dhaifu tena na tena huku kichwa cha diski kikichoka, kisha inarekebisha jedwali la mafaili kwa kutegemea kilichosomeka, na visivyosomeka vinaishia vipande vipande kwenye folda ya found.000. Badala yake tumia ddrescue. Chomeka diski ya nje yenye nafasi kubwa kuliko ukubwa wote wa diski mbovu, isiwe ya FAT32 kwa sababu haipokei faili linalozidi GB 4 (hapa mfano mbovu ni sda, ya nje ni sdb1):

mkdir /mnt/okoa
mount /dev/sdb1 /mnt/okoa
ddrescue -n /dev/sda /mnt/okoa/diski.img /mnt/okoa/diski.map

Mbovu inatangulia, nzima inafuata. Ukigeuza mpangilio huo unaweza kufuta ulichokuja kuokoa, kwa hiyo rudi kwenye lsblk ulinganishe ukubwa na jina kabla ya kubonyeza Enter. Mzunguko huu wa kwanza unachota kinachosomeka kirahisi na kuruka penye vidonda. Ukimalizika, rudia kwa vidonda peke yake:

ddrescue -d -r3 /dev/sda /mnt/okoa/diski.img /mnt/okoa/diski.map

Faili la .map linakumbuka kila kipande kilichochukuliwa na kilichobaki. Umeme ukikatika, unaandika amri ileile na kazi inaendelea ilipoishia. Kwa sisi tunaofanya kazi na umeme wa kukatika-katika, sababu hiyo peke yake inatosha kuichagua ddrescue. Clonezilla ni nzuri na ya haraka kwa diski isiyo na ubovu. Kwa diski inayokufa, si mahali pake. Nakala ikikamilika, TestDisk inaifungua ile diski.img na kutoa mafaili, hata kama patisheni (mgawo wa diski) imepotea.

SMART ikiwa safi, ipe RAM zamu yake. Memtest86+ iachie mizunguko miwili, ikibidi usiku kucha. Mstari mmoja mwekundu unatosha kuikataa RAM, hakuna "makosa machache tu". Hamishia kipande hicho kwenye sloti nyingine: kosa likikifuata, kibaya ni kipande, likibaki palepale, ni sloti au madabodi. Kupiga Windows juu ya RAM mbovu ni kuandika uharibifu mpya kwenye diski isiyo na kosa.

Diski safi, RAM safi, lakini mashine inasema "No bootable device"? Mara nyingi ni patisheni ya EFI (ile ndogo yenye mafaili ya kuwashia Windows) iliyoharibika. Buti ISO ya Windows, bonyeza Shift+F10, kisha:

diskpart
list vol
sel vol 3
assign letter=S
exit
bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Ile 3 ni mfano tu. Wewe unachagua ile ndogo ya FAT32, kwa kawaida MB 100 hadi 260. Hakikisha pia herufi ya Windows kwa dir C:\ maana humo ndani C inaweza kuwa D. Wengi hupoteza saa nzima na bootrec /fixboot inayojibu "Access is denied". Kwenye mashine ya UEFI (BIOS ya kisasa) achana nayo, bcdboot inaandika upya kila kinachohitajika. Ikishindwa kukopi, fomati S kwa FAT32 urudie, isipokuwa kama mashine ina Linux pia, kwa kuwa GRUB (kiwashio cha Linux) nayo inaishi humo na itafutika.

Ikiwa vidoto vya Windows vinazunguka kisha mashine inajizima na kuanza upya baada ya umeme kukatika katikati ya sasisho, amri ni hii:

dism /image:C:\ /cleanup-image /revertpendingactions

Na ukiona INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE kwenye diski nzima kabisa, tazama saa ya BIOS kabla ya kitu kingine. Ikiwa imerudi miaka mingi nyuma, betri ya CR2032 imekufa na huenda mipangilio imerudi ya kiwandani. Dell nyingi kiwandani hutoka na SATA kwenye RAID. Kama Windows ilipigwa ikiwa AHCI (njia nyingine ya mashine kuzungumza na diski), haitaiona diski yake. Weka betri mpya ya volti 3, rudisha AHCI, imekwisha. Kwenye Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, mchezo ni huohuo kwa VMD (mpangilio wa BIOS unaosimamia diski za NVMe): ukiizima ili ISO ya Windows ione diski, Windows iliyokuwepo inagoma. Pakia driva ya Intel RST kwenye flashi na uiache VMD ilivyo.

BitLocker haina njia ya mkato. Julai 19, 2024, sasisho lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Tiba ilikuwa kufuta faili moja kwenye folda ya driva, lakini palipokuwa na BitLocker, mara nyingi ilibidi kupata ufunguo kwanza ili kulifikia faili hilo. Mwambie mwenye mashine afungue akaunti yake ya Microsoft kwenye simu na alinganishe herufi 8 za mwanzo za kitambulisho kinachoonekana kwenye skrini. Kisha:

manage-bde -unlock C: -RecoveryPassword

ikifuatiwa na zile tarakimu 48 pamoja na vistari vyake. Nakala ya ddrescue haihitaji ufunguo kuchukuliwa, bali kufunguliwa, kwa hiyo diski inayokufa usiisubirishe kwa sababu ya BitLocker.

Kupiga Windows upya kunabaki pale mafaili yameshatoka, SMART ni safi na Memtest imepita. Hata hapo usinunue leseni kabla ya kuuliza mashine. Nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 na kuendelea zimebeba ufunguo wake ndani ya BIOS, na ukiwa SystemRescue unausoma hivi:

strings /sys/firmware/acpi/tables/MSDM

Mstari wa mwisho, vifungu vitano vya herufi tano tano, ndio wenyewe. Unaonyesha pia toleo la kusanikisha: ufunguo wa Home hauwashi Pro.